Kuhamisha leja ya COBOL kutoka DOS kwenda Linux

Tuchukue chama cha msingi cha wakulima wa kahawa pande za Kibosho, juu kidogo ya Moshi mjini. Leja ya wanachama iko kwenye kompyuta ya DOS, mfumo endeshi wa zamani: namba ya mwanachama, kilo alizoleta, bei ya kilo, malipo ya awali, makato ya pembejeo, kisha malipo ya pili baada ya mnada. Programu iliandikwa kwa COBOL, lugha ya programu ya zamani, aliyeiandika hayupo tena, na mashine ikizimwa watu humwomba Mungu iwake kesho yake. Uongozi unauliza swali moja: tununue mfumo mpya, au huu unaweza kuhamia Linux, mfumo endeshi huria?

Unaweza. Lugha yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Kinachokula muda ni data, yaani jinsi zile kilo na shilingi zilivyoandikwa kwenye diski baiti kwa baiti. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu programu ikishakompailiwa (kugeuzwa kutoka msimbo kuwa programu inayoendeshwa) bila kosa wanadhani wamemaliza.

Kabla ya yote hakikisha ni COBOL kweli. Mifumo mingi ya enzi zile ni ya Clipper, lugha nyingine ya hifadhidata ya DOS, na ukifungua folda ukakuta faili za .DBF na .NTX, basi dawa yake ni Harbour, kompaila huria inayosoma .DBF moja kwa moja. Msimbo wa COBOL huwa kwenye .CBL au .COB, pamoja na .CPY ambazo ni vipande vinavyoitwa kwa amri ya COPY. Ukikuta .EXE peke yake, yaani programu iliyokwisha kompailiwa, hakuna cha kukompaili. Utaokoa data tu. Linganisha pia tarehe. Kama .EXE ni ya miezi kadhaa baada ya .CBL, kuna mtu alibadilisha programu na msimbo wa mabadiliko hayo huna. Tafuta kwenye disketi zote zilizo kabatini kabla ya kuendelea.

Kisha usiguse diski ya zamani tena. Itoe, iunganishe kwa waya wa IDE kwenda USB (IDE ni kiunganishi cha diski za zamani), na uchukue nakala ya diski nzima:

    sudo ddrescue -n /dev/sdb leja.img leja.map

Hakiki kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kwamba sdb ndiyo diski ya zamani. Kuanzia hapa kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Kompaila inavyofanya kazi

COBOL ilianza Marekani mwaka 1959, chini ya kamati ya CODASYL, ikirithi mengi kutoka lugha ya FLOW-MATIC ya Grace Hopper. Kilichoifanya idumu kwenye fedha ni hesabu za desimali. Lugha nyingi huweka 0.1 kwa mfumo wa mbili, ambao hauwezi kuiandika kikamilifu. COBOL ukiiambia PIC 9(7)V99 inaweka tarakimu saba, nukta ya kudhaniwa isiyochukua nafasi, na tarakimu mbili za senti. Inachohifadhi ndicho ulichoandika.

Kwenye Linux tunatumia GnuCOBOL. Ilianza ikiitwa OpenCOBOL, kazi ya Keisuke Nishida, ikaingia rasmi kwenye mradi wa GNU mwaka 2013, na toleo la 3.2 likatoka 2023. Haitengenezi lugha ya mashine yenyewe: inasoma COBOL, inaandika C, kisha inaikabidhi gcc, kompaila ya C. Kwa hiyo popote penye kompaila ya C pana uwezekano wa COBOL, hata kwenye Raspberry Pi. Programu ikishakamilika hutegemea maktaba iitwayo libcob, ambayo nayo huegemea GMP kwa hesabu, ncurses kwa skrini na Berkeley DB kwa faili zenye indeksi. Kompaila iko chini ya leseni ya GPL na libcob chini ya LGPL, kwa hiyo chama hakilazimiki kutoa msimbo wake hadharani.

Kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux:

    sudo apt install gnucobol3
    cobc --info

Andika gnucobol3 kwa jina lake kamili. Kifurushi kinachoitwa gnucobol tu kinaweza kukuletea gnucobol4, ambayo imetoka kwenye tawi la majaribio, na leja ya wakulima si mahali pa majaribio. Kwenye matokeo ya cobc --info tafuta mstari wa faili za indeksi. Unapaswa kuonyesha BDB, yaani Berkeley DB. Ukionyesha kwamba huduma hiyo imezimwa, programu zitakompailiwa vizuri halafu zitagoma zinapofungua leja.

Ofisi ikiwa haina intaneti, tumia mashine nyingine yenye toleo lilelile la Debian, ambayo haijawekwa vifurushi hivyo, na uongeze --download-only kwenye amri ya apt-get install. Faili za .deb zitakuwa /var/cache/apt/archives; zipeleke kwa flashi.

Anayekompaili GnuCOBOL mwenyewe kutoka msimbo wake anahitaji build-essential, libgmp-dev, libdb-dev na libncurses-dev, kisha ./configure, make, make check, sudo make install. Akisahau sudo ldconfig mwishoni, programu ya kwanza italalamika kwamba libcob.so.4 haionekani. Watu hukimbilia kusakinisha upya, kumbe ni amri hiyo moja.

Kusafisha msimbo

Faili za DOS zina alama mbili mwishoni mwa kila mstari, na mara nyingi alama ya Ctrl-Z mwishoni mwa faili. Ziondoe, na ugeuze tabo kuwa nafasi:

    tr -d '\r\032' < LEJA.CBL | expand -t 8 > leja.cbl

Tabo zinastahili uangalifu. COBOL ya zamani inahesabu safu: 1 hadi 6 ni namba za mistari, ya 7 ni alama (nyota maana yake maelezo, kistari maana yake mwendelezo), 8 hadi 11 ni eneo A, 12 hadi 72 eneo B. Kinachoanzia safu ya 73 hakisomwi. Kama mwandishi alitumia tabo za nafasi nne nawe ukazitanua kwa nane, nukta ya mwisho wa sentensi inaweza kusukumwa hadi safu ya 73 na kupotea. Nukta hiyo ndiyo ilikuwa inafunga IF. Sasa IF inameza sentensi inayofuata, programu inakompailiwa, na makato ya pembejeo yanafanyika kwa baadhi ya wanachama tu. Kompaili kwa -Wcolumn-overflow ili kompaila ikutajie mistari iliyovuka.

Mistari ya mapambo ya DOS, ile ya kuchora visanduku, ni baiti moja kwa kila alama. Ukiigeuza kuwa UTF-8 kila moja inakuwa baiti tatu, na mstari wa alama 78 uliokuwa kwenye PIC X(78), fildi ya baiti 78, unahitaji baiti 234. Utakatwa vibaya. Badilisha alama hizo kwa -, | na + za kawaida. Haipendezi sana, lakini inafanya kazi kwenye kila terminali na kila printa.

Majina ya faili ni jambo jingine. DOS haikujali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali. COPY "MWANACH.CPY" haitaipata mwanach.cpy; tumia -ffold-copy=lower, na -I kutaja folda yake. Afueni moja ya programu zilizoandikwa hapa kwetu ni kwamba fildi zake mara nyingi zina majina ya Kiswahili. KILO, BEI na MAKATO haziwezi kugongana na maneno mapya yaliyoongezwa kwenye viwango vya COBOL vya baadaye. Likigongana lolote, -fnot-reserved=JINA hulimaliza.

Amri ya kukompaili kwa kipindi cha majaribio:

    cobc -x -std=mf -debug -Wall leja.cbl

Hiyo -std ina uzito kuliko inavyoonekana. Chagua mf kama programu ilitoka Micro Focus, rm kama ni RM/COBOL, acu kama ni ACUCOBOL. Pamoja na kukubali maneno fulani, inaamua ukubwa wa fildi. PIC S9(5) COMP, namba ya mfumo wa mbili yenye alama, kwa mtindo wa mf ni baiti 3. Kwa mpangilio wa kawaida wa GnuCOBOL ni baiti 4. Ukikosea, kila fildi inayofuata kwenye rekodi inasogea kwa baiti moja.

Data

Fungua faili la data kwa xxd, amri inayoonyesha baiti za faili, na uangalie. Chukua salio la 1,234,567.89 kwenye fildi ya PIC S9(7)V99 COMP-3. Kwenye diski litaonekana hivi:

    12 34 56 78 9c

Tarakimu mbili kwa kila baiti, na nusu ya mwisho ni alama: c ni chanya, d ni hasi, f ni namba isiyo na alama. Tarakimu tisa na alama yake ni baiti tano. Ukiweza kusoma mstari huo kwa macho, unaweza kukagua leja yoyote. Fildi zisizo COMP-3, zile za kawaida, ni tatizo pale zinapokuwa hasi, kwa sababu alama ya kutoa hubebwa na tarakimu ya mwisho. Hasi 125 inaweza kuandikwa 12u au 12N kulingana na kompaila ya zamani. Ukiona herufi kubwa J hadi R mwishoni mwa madeni, kompaili kwa -fsign=EBCDIC. Ukiona p hadi y, acha ilivyo.

Faili zenye indeksi hazihami hivihivi. Kila kompaila ilikuwa na muundo wake wa indeksi, na Berkeley DB haifungui hata mmoja wa hizo za DOS. Njia ya uhakika ni kumwaga data kwenye faili la maandishi kwa kutumia kompaila ileile ya zamani, ndani ya DOSBox, programu inayoigiza DOS, mara moja tu. (DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo. Kwa kumwaga data inatosha. Kuiachia leja ya kila siku si busara.) Programu ya kumwaga ni fupi:

    SELECT LEJA-ZAMANI ASSIGN TO "WANACH.DAT"
        ORGANIZATION IS INDEXED
        ACCESS MODE IS SEQUENTIAL
        RECORD KEY IS MW-NAMBA.
    SELECT LEJA-MATINI ASSIGN TO "WANACH.TXT"
        ORGANIZATION IS LINE SEQUENTIAL.

    01  MT-REKODI.
        05  MT-NAMBA  PIC X(8).
        05  MT-JINA   PIC X(30).
        05  MT-KILO   PIC S9(7)V9  SIGN LEADING SEPARATE.
        05  MT-SALIO  PIC S9(9)V99 SIGN LEADING SEPARATE.

Hamisha fildi moja moja kwa MOVE. Ukifanya MOVE ya rekodi nzima, COBOL inanakili baiti tu bila kugeuza namba, na fildi za COMP na COMP-3 zitaingia kwenye faili la maandishi zilivyo. Kwenye zile za COMP baiti yenye thamani 0a itasomwa kama mwisho wa mstari, rekodi itakatika katikati, na utakuwa na wanachama wengi kuliko waliopo.

Bila kompaila ya zamani kazi ni ngumu zaidi lakini inawezekana. Kwenye xxd angalia majina ya wanachama yanajirudia kila baada ya baiti ngapi. Huo ndio urefu wa rekodi. Ulinganishe na jumla ya fildi kwenye .CPY. Tahadhari na rekodi zilizofutwa: mara nyingi bado zimo, zimewekewa alama tu, na ukizisoma zote utawafufua wanachama waliojitoa miaka iliyopita.

Upande wa Linux andika programu ya kupakia: inasoma maandishi, inaandika faili jipya la indeksi. Panga maandishi kwa namba ya mwanachama kwanza, upakiaji utakwenda haraka. Kisha usiridhike na idadi ya rekodi. Jumlisha kilo zote na masalio yote upande wa DOS, jumlisha upande wa Linux, na jumla zilingane hadi senti. Idadi inaweza kulingana huku fildi ya salio imesogea.

Hapa ndipo pa kushughulikia upana wa fedha. Wakati programu hizi zinaandikwa, 9,999,999.99 ilionekana dari ambayo mkulima hataifikia. Leo tuseme mwanachama ameleta kilo 3,150 kwa bei ya mfano ya shilingi 7,200. Hiyo ni 22,680,000. Ukiiweka kwenye PIC 9(7)V99, COBOL inakata tarakimu ya kushoto na kubakiza 2,680,000.00. Hakuna kosa linalotokea, hakuna onyo, na risiti inatoka safi yenye namba inayoaminika. Milioni ishirini zimeyeyuka. Kila COMPUTE, ADD na MULTIPLY inayogusa fedha iongezewe ON SIZE ERROR, ambayo huzuia matokeo yasiandikwe na kukupa nafasi ya kutoa ujumbe. MOVE haina kinga hiyo, kwa hiyo zifuatilie moja moja. Panua fildi hadi S9(11)V99 kwenye muundo mpya wa faili, kwa kuwa unapakia upya kila kitu hata hivyo. Usibadilishe kingine chochote katika hatua hii, hata kama msimbo unakukera.

Kuiendesha

Njia kama C:\LEJA\WANACH.DAT ziondoe kwenye msimbo. Andika ASSIGN TO "WANACH" kisha taja mahali pa faili nje ya programu:

    export DD_WANACH=/srv/leja/WANACH
    export DB_HOME=/srv/leja/db
    export COB_SCREEN_EXCEPTIONS=Y
    export COB_SCREEN_ESC=Y

Programu ikirudisha hali ya faili 35, faili halipo pale ulipotaja. 39 ni kwamba muundo wa rekodi haulingani na faili. 22 ni ufunguo uliojirudia. 23 ni ufunguo usiokuwepo. DB_HOME usiipuuze kama makarani wawili wanaingiza kilo kwa wakati mmoja: bila hiyo Berkeley DB haifungi rekodi, na wa pili kuhifadhi anafuta kazi ya wa kwanza. Folda hiyo iwepo kabla ya kuanza. Wala usiweke leja kwenye folda ya kushirikiana ya mtandao. Weka mashine moja yenye data, makarani wengine waingie kwa ssh.

Skrini ina mitego midogo. Skrini ya DOS ilikuwa na mistari 25, terminali nyingi za Linux hufunguka na 24, na mstari wa 25 ndio uliokuwa unaonyesha makosa. Fungua kwa xterm -geometry 80x25. Xterm pia haikupokonyi F1 na F10 kama zifanyavyo terminali zenye menyu. Kwenye CRT STATUS, fildi inayopokea kitufe kilichobonyezwa, F1 hurudi kama 1001, hivyo fildi yake iwe PIC 9(4). Programu za Micro Focus zilitumia herufi tatu za muundo mwingine na sehemu hiyo huandikwa upya.

Printa ya sindano bado ndiyo mfalme wa risiti zenye nakala ya kaboni. Acha programu iandike ripoti kwenye faili, kisha:

    unix2dos risiti.txt
    lp -d risiti -o raw risiti.txt

Ukiruka unix2dos, kila mstari utaanzia pale uliopita ulipoishia, karatasi itatoka kama ngazi.

Kwa tarehe, ACCEPT FROM DATE hutoa mwaka wa tarakimu mbili. Tumia FROM DATE YYYYMMDD na upanue fildi. Kujaribu msimu ujao bila kugusa saa ya mashine, weka COB_CURRENT_DATE kwa umbo la 2030/01/15 10:00:00.

Kulinganisha na mfumo wa zamani

Chukua msimu uliokwisha fungwa, ambao malipo yake hayakuvuka dari ya zamani. Ingiza mapokezi yaleyale kwenye mifumo miwili, toa ripoti zilezile, na uzipitishe kwenye diff, amri inayoonyesha tofauti za faili mbili. Tofauti zitakuwepo, na nyingi zitakuwa kwenye malipo ya pili, kwa sababu pale kuna kugawanya:

    COMPUTE MGAO ROUNDED = KILO / JUMLA-KILO * FEDHA-MNADA

Mkulima wa kilo 412.5 katika jumla ya kilo 186,000, na fedha za kugawa milioni 90, anastahili 199,596.77. Kompaila iliyokata jibu la katikati kwenye desimali sita inapata 0.002217, kisha 199,530.00. GnuCOBOL inabeba desimali nyingi zaidi, kwa hiyo haitalingana na vitabu vya zamani. Kwa majaribio, vunja hesabu hiyo hatua mbili ukitumia fildi ya V9(6) ili upate jibu lilelile la zamani. Tofauti zikiisha ndipo utajua hakuna kosa jingine lililojificha nyuma ya sababu hii. Baada ya hapo kuzidisha kwanza na kugawanya mwisho ni uamuzi wa bodi na mkaguzi. Mwandishi wa programu asiupitishe kimyakimya.

Majaribio yakiisha ondoa -debug kama kasi inahitajika, ingawa kwa leja ya chama kimoja cha msingi hakuna atakayehisi tofauti, na kuiacha ni salama zaidi: fildi ya namba iliyojaa nafasi tupu itasimamisha programu badala ya kuhesabiwa kama sifuri.

Umeme. Berkeley DB inapokatikiwa katikati ya kuandika inaweza kuacha indeksi isiyolingana na data. Weka COB_SYNC=Y ili kila rekodi isukumwe hadi kwenye diski, na UPS ya kutosha kuzima mashine kwa utaratibu. Unapochukua nakala kumbuka kwamba ufunguo wa pili, kwa mfano jina la mwanachama, unakaa kwenye faili lake: WANACH ni faili kuu, WANACH.1 ni ufunguo wa pili. Nakili yote mawili programu ikiwa imefungwa. Ile programu ya kumwaga nayo ikompaili upya upande wa Linux, iendeshwe kila Ijumaa jioni, na WANACH.TXT iende kwenye flashi inayolala nje ya ofisi. Faili hilo husomeka kwenye kompyuta yoyote, hata isiyo na COBOL.